Mbio Zilizokimbiwa na Mbio Zisizokimbiwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbinga)



Mwezi uliopita ilitolewa hoja mbele yetu kwamba Chama kitumie akiba yake ndogo kununua picha tatu kubwa za kutundikwa katika chumba chetu cha kusomea, nazo ziwe picha za matukio matatu makuu katika historia ya michezo ya nchi yetu. Hoja hiyo ilipita bila taabu. Lakini tulipofika mahali pa kuyachagua matukio yenyewe, wote mwakumbuka yaliyotokea. Mkutano ulikwisha saa tatu ya usiku bila uamuzi, na wenzetu waliotoka Liuli na Mbamba Bay wakakosa gari, ikawabidi kulala hapa mjini. Ndipo Bwana Katibu akaniagiza niandike hotuba, si ya kukata shauri, maana sina mamlaka hayo, bali ya kuzikusanya hoja zilizosemwa ili kila mtu azipime kwa utulivu. Nimefanya hivyo kadiri nilivyoweza. Walakini nawaambieni mapema kwamba sikuweza kuandika kama mizani isiyoegemea upande. Mtaona wenyewe ninapoegemea, na mtapata nafasi ya kunijibu.

Nitaanza na Bwana John Stephen Akhwari wa Mbulu, kwa kuwa ndiye aliyetajwa kwanza na kwa sauti kubwa kupita wote.

Habari yake yajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico. Mji ule uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 2,240. Mbinga yetu hii, ambayo wageni kutoka pwani huilalamikia kwa baridi, iko chini sana ya hapo. Hewa ya kimo kile ni nyepesi na humchosha mkimbiaji upesi. Akhwari alishikwa na misuli, kisha katika msukumano wa wakimbiaji akaanguka, akaumia goti. Wakamfunga kitambaa, naye akaendelea. Watu 75 walianza mbio ile, na 57 tu ndio waliomaliza. Yeye ndiye aliyekuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Uhabeshi, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na nukta 26. Akhwari alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na nukta 27, yaani saa moja na dakika 5 baadaye, giza limekwisha ingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao.

Wanaomtetea husema: ushindi ni wa mmoja, lakini kumaliza ni kwa kila mtu, na funzo la wote hupita sifa ya mmoja. Maneno mazuri. Nami nayakubali, ila nataka mwone jambo moja ambalo sisi makarani tunapaswa kuliona kabla ya watu wengine. Katika orodha ya matokeo ya siku ile, jina lake liko chini kabisa, na mbele yake namba tu. Karani wa michezo aliandika alichopaswa kuandika, akafunga daftari. Kilichomwokoa Akhwari asisahauliwe ni kamera iliyokuwa bado pale uwanjani, na mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, aliyeipeleka habari ile ulimwenguni. Kama wapiga picha wangalikwenda kula chakula cha usiku pamoja na watazamaji wengine, tendo lingalikuwa lile lile, uchungu wa goti ule ule, na leo pasingalikuwa na mtu hapa wa kulitaja.

Na kamera hiyo hiyo iliyomwokoa imemwonea pia. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba mwaka wa 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyu alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na nukta 5? Muda huo ni bora kuliko ule uliompa Mamo Wolde dhahabu ya Mexico, ijapokuwa kwa haki niseme kwamba Edinburgh haina hewa nyepesi kama ya kule. Tumemfanya kuwa alama ya mtu wa mwisho, naye alikuwa mkimbiaji wa daraja la kwanza. Mwaka wa 1983 nchi ilimpa nishani ya ushujaa, naye aliistahili. Lakini tukimtundika ukutani, naomba asitundikwe kwa ajili ya kuchechemea peke yake.

Sasa Bwana Filbert Bayi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hoja yangu inapita hapa.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Lazima tufahamu jinsi mbio ya namna ile ilivyozoeleka kukimbiwa. Wakimbiaji hukaa pamoja kama ng'ombe njiani, kila mmoja akimficha mwenziwe, akingoja duru ya mwisho ndipo atoe nguvu zake. Anayetangulia huwakata wengine upepo, nao humlipa kwa kumpita karibu na utepe. Kwa hiyo mwenye akili hakutangulia. Bayi alikuwa kijana wa miaka 20, na desturi hiyo hakuifuata. Bunduki ilipolia alikwenda mbele, akaendelea mbele, na walipofika katikati ya mbio alikuwa amewaacha kwa kadiri ya mita 20. Watu waliokuwa wakitazama walidhani kwamba kijana hajui hesabu na kwamba atakwisha. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji, mtu mrefu mwenye nguvu, na umati mzima wa nchi yake ukimpigia kelele. Katika duru ya mwisho Walker alikaribia, akakaribia tena; lakini pengo halikufungika. Bayi alivuka utepe kwa dakika 3, nukta 32 na sehemu 16 za mia. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyokuwa imekaa tangu mwaka wa 1967, ilikuwa dakika 3, nukta 33 na sehemu 1 ya kumi.

Tazameni ukubwa wa mbio hii kwa kuwatazama walioshindwa. Walker, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani: 3:32.52. Ben Jipcho wa Kenya, wa tatu, aliikosa kwa upana wa kidole: 3:33.16. Basi Bayi hakushinda kwa sababu wengine walikuwa dhaifu siku ile. Aliwavuta wote mpaka mahali ambapo hawakuwa wamefika kabla. Rekodi yake ya dunia ilidumu hadi mwaka wa 1979, alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza. Na kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi mwaka wa 2022 kule Birmingham. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi akaongeza rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na nukta 51. Haikukaa. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo Walker aliikimbia maili kwa 3:49.4.

Naomba mshike jambo hilo vidoleni: Bayi ana mita 1,500, Walker ana maili, na Michezo ya Olimpiki ya Montreal inakuja mwaka wa 1976. Dunia nzima ya riadha ilikuwa ikingoja mbio moja tu.

Kabla sijafika huko, niwatendee haki waliotetea mpira wa miguu, maana walikuwa wengi na walipiga meza. Mwaka wa 1979 timu ya taifa ilihitaji kuiondoa Zambia ili ifike katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda 1 kwa 0; na katika mechi ya marudiano kule Ndola bao la Peter Tino lilituletea sare ya 1 kwa 1. Tukaenda Lagos mwaka wa 1980, mara ya kwanza katika historia yetu. Huko tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare na Kodivaa 1 kwa 1, tukarudi nyumbani. Kisha tukangoja miaka 39 kabla ya kurudi katika fainali hizo, mwaka wa 2019. Wazee wetu hulisimulia bao la Tino kama lililofungwa jana, nami nafahamu kwa nini: kitu kisichorudiwa kwa miaka 39 hupata utamu wa ziada. Lakini naona kwamba utamu ule ulitoka zaidi katika kiu ya baadaye kuliko katika chemchemi yenyewe. Kama tungalikwenda fainali kila baada ya miaka minne, Ndola ingalikuwa mechi njema ya kuingilia, basi. Najua kwa maneno haya sitapata kura za Idara ya Ujenzi.

Kuhusu Moscow, mwaka wa 1980, sina mengi. Suleiman Nyambui alipata nishani ya fedha katika mita 5,000, na Bayi akapata nishani ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka wa 2024 hizo ndizo nishani pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imepata. Ni jambo kubwa, na katika mjadala wetu lilipewa dakika chache kuliko lilivyostahili. Nitalirudia kwa njia nyingine.

Mwishoni mwa mkutano, watu walipokuwa wamekwisha choka, alisimama mwanachama wetu mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani aliyelelewa upande wa ziwani karibu na Lundo. Alisema neno moja tu, "Montreal," akaketi. Wengi wakacheka. Mmoja akauliza, "Mzee, Montreal tulishinda nini?" Naye hakujibu. Tangu siku ile sikuweza kuliacha neno hilo, na hotuba hii, kwa kweli, ni jibu ambalo mzee hakujisumbua kulitoa.

Kwanza habari yenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule waliandamana Soweto, Afrika ya Kusini, wakikataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, nao wakapigwa risasi. Majuma mawili hivi baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza katika nchi hiyo hiyo, mbele ya serikali hiyo hiyo. Nchi za Afrika zilidai kwamba New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Wakubwa wa Olimpiki walijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliwahusu. Kwa sheria walikuwa na hoja, sisi watu wa mafaili twaijua hoja ya namna hiyo, maana nasi huitumia tusipotaka kushughulika: "hili si la ofisi hii." Basi nchi zaidi ya 20, nyingi zao za Afrika, zikajitoa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Mbio iliyokuwa ikingojwa na dunia haikukimbiwa. Fainali ya mita 1,500 ilishindwa na John Walker kwa 3:39.17, yaani nukta 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Kwa mwendo ule nukta 7 ni zaidi ya mita 45. Sitaki kusema kwamba Bayi angalishinda. Mbio za nishani huwa za kuviziana, muda wake huwa wa polepole, na tena imeandikwa kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria siku zile. Hakuna ajuaye, na hatajulikana kamwe.

Hapo ndipo wapinzani wa mzee wanaposema: jambo lisilotokea si tukio. Huwezi kuliandika katika orodha ya matokeo. Huwezi kulipiga picha. Na kususa ni siasa, si mchezo.

Nitajibu kwa mfano wa karibu nasi, ingawa wenyewe ni wa vita. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia katika bandari ya Liuli, ambayo Wadachi waliiita Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli ya Kidachi Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Manahodha wale wawili walijuana vizuri kabla ya vita, na yule wa Kidachi hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Jambo hili lilitangazwa huko Ulaya kuwa ushindi wa majini, na hadi leo wageni wanaofika Liuli huliuliza kwa furaha. Je, lilibadili nini? Meli moja isiyokuwa majini iliharibiwa. Vita iliyowamaliza watu wa nchi hii kwa njaa na kwa kubebeshwa mizigo ilikuja baadaye, kwa njia nyingine, wala haina hadithi nzuri ya kuwachekesha wageni. Nataka kusema hivi: tukio laweza kuwa na moshi, mlio, jina na tarehe, na bado likawa jepesi, na jambo jingine laweza kukosa mlio wote na likawa zito. Uzito sharti tuupime kwa yaliyofuata.

Na yaliyofuata Montreal ni haya. Mwezi wa Juni 1977 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, katika mkutano wao uliofanyika Uingereza, walifanya mapatano yanayoitwa ya Gleneagles, kwamba kila serikali iwazuie watu wake wasicheze na Afrika ya Kusini yenye ubaguzi. Waliyafanya kwa sababu waliogopa kwamba Michezo ya Edmonton ya mwaka wa 1978 itasuswa kama ile ya Montreal. Michezo ya Edmonton ikafanyika, ijapokuwa Nigeria haikwenda, na nani aliyeshinda marathoni? Gidamis Shahanga wa Tanzania. Katika mita 1,500 Bayi alikuwa wa pili, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza, kwa sehemu 11 za mia za nukta moja. Kwa maoni yangu nishani zile za Edmonton zina deni kwa Montreal, kwa kuwa bila mapatano yale yamkini vijana wetu wangalikaa nyumbani mara ya pili.

Kisha mwezi wa Februari 1980 Muhammad Ali, bingwa wa masumbwi, alikuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisiende Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Warusi kuingia Afuganistani. Hapana mtu aliyependwa Afrika kupita Ali. Lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari walimwuliza swali moja gumu: Afrika ilipoiomba dunia isimame nayo mwaka wa 1976, Marekani ilikuwa wapi? Hakuwa na jibu. Tanzania ikaenda Moscow, na Nyambui na Bayi wakarudi na nishani mbili za fedha. Mwaonaje? Nishani hizo zilizopewa dakika chache katika mjadala wetu nazo zimeshikamana na mbio isiyokimbiwa. Nchi iliyokwisha lipa gharama ya kukataa ilikuwa na haki ya kuchagua yenyewe lini ikatae na lini iende.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba kukataa ni kitu rahisi. Uamuzi ule ulikuwa wa serikali; malipo yalitoka katika miguu ya vijana. Michezo ya Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, na miguu ya mkimbiaji haingoji. Bayi alikuwa na miaka 23 mwaka wa 1976. Mbio yake, ile aliyoijua kuliko watu wote duniani wa siku zile, hakuipatia nishani ya Olimpiki kamwe. Kwa Wakenya ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu serikali yao ilisusa Montreal na ikasusa Moscow pia. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 mwaka wa 1972, akakosa zote mbili. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika mwaka mmoja wa 1978, hakukimbia Olimpiki hata siku moja katika maisha yake. Hao hawana hata goti lililofungwa kitambaa la kuonyeshwa katika filamu. Sisi watumishi wa serikali, ambao hupokea barua ya uhamisho asubuhi na kufunga mizigo jioni, tunapaswa kuwafahamu watu wa namna hiyo kwa upesi kuliko raia wengine. Aliyelipa ni mmoja, na walioandikiwa sifa ni wengine.

Wala sisemi kwamba kususa kulimaliza kazi. Mwaka wa 1981 timu ya raga ya Afrika ya Kusini ilikwenda kucheza New Zealand, mapatano ya Gleneagles yakiwepo, na wananchi wengi wa New Zealand wenyewe wakajaa barabarani na viwanjani kuipinga. Miaka ilipita. Afrika ya Kusini haikurudi katika Olimpiki mpaka Barcelona, mwaka wa 1992, na katika mita 10,000 za wanawake Derartu Tulu wa Uhabeshi alimshinda Elana Meyer wa Afrika ya Kusini. Kisha wawili hao, Mwafrika mweusi na Mwafrika mweupe, wakaizunguka njia ya mbio pamoja wakiwapungia watu mikono. Kama mtu angeniambia kwamba picha hiyo itundikwe badala ya zote, nisingebisha sana, ila si ya nchi yetu.

Sasa kwa nini mzee wa Lundo alisema Montreal, na watu wa mjini hawakusema? Nilimwendea nikamwuliza. Alinijibu kwa kifupi, nami nayaandika kwa ruhusa yake. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na vilipofika jimbo la Niassa watu walianza kuvuka kuja kwetu, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi usiku, wakifuata ufuko kutoka upande wa Kobue, kwa sababu Wareno walikuwa na kituo cha manowari Metangula na boti zao zilizunguka ziwani. Lundo na Muhukuru palifanywa makazi ya wakimbizi. Yeye alikuwa mtoto. Alikaa dawati moja na mtoto aliyekuja hana kitu. Kwao, wenyeji wa ufuko, samaki wa sahani moja waligawanywa mara mbili, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwaka mmoja baadaye aliposikia redioni kwamba Bayi hatakimbia, anasema, hakuona jambo geni. Aliona kwamba sasa na mkimbiaji naye ameombwa sahani yake.

Mimi sikuwa nimezaliwa wakati huo, na maelezo yake yamenizidi nguvu kuliko hesabu zangu zote za nukta na mita. Watu wa Ruvuma walikuwa wamekwisha lipa sehemu yao ya deni lile kabla ya mwanariadha yeyote kuombwa. Ndiyo sababu nasema kwamba tukio lile, ijapokuwa lilifanyika mbali, au tuseme halikufanyika mbali, lina haki ya kukaa katika chumba cha Mbinga kuliko katika chumba cha mji wowote wa ndani ambao haukuona mtumbwi ukivuka usiku.

Basi pendekezo langu kuhusu picha tatu ni hili. Ya kwanza iwe ya Akhwari, na chini yake iandikwe Mexico 1968 na Edinburgh 1970, mahali pa 57 na mahali pa tano, yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja. Ya pili wapewe watu wa mpira, maana nataka kurudi nyumbani kwa amani; wachague wenyewe kati ya Ndola na Majimaji ya Songea. Ya tatu iwe ya Bayi akiwa mbele ya Walker kule Christchurch, na chini yake iwepo mistari miwili. Mstari wa kwanza: 1974, 3:32.16. Mstari wa pili: 1976, hakukimbia.

Bwana Mweka Hazina ameniuliza kama mistari hiyo itaongeza gharama. Nimemjibu kwamba fremu ni ile ile, na maandishi nitayafanya mwenyewe kwa mkono, ikiwa Bwana Katibu atanipatia kadi nyeupe tatu na wino mweusi usiochuja. Sasa nakaa, na mlango wa maswali uko wazi. Ila naomba magari ya Liuli na Mbamba Bay yaulizwe kwanza yanaondoka saa ngapi.